Anguzu na Sauti Yake Moja

Kama una bodaboda hapa Arua na kiti chako kimepasuka mpaka sifongo inaonekana, watu watakuelekeza kwa Anguzu. Watakwambia: pita wakaanga chapati, utaona cherehani chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, na juu ya cherehani utaona mti mrefu umening'inia, umevishwa ngozi. Usiulize ule mti ni nini. Ukiuliza, kiti chako hakitashonwa leo.

Mti ule ni agwara, baragumu ya kwetu. Ni ndefu kumpita Anguzu, ingawa hilo si jambo gumu. Pa kupulizia pako ubavuni, karibu na ncha nyembamba. Haina matundu ya kuziba na kuzibua kama filimbi. Ina sauti moja, buuu, basi, imekwisha.

Wimbo wa agwara haukai ndani ya baragumu moja. Watu tisa wanasimama kwa mstari, kila mtu na baragumu yake na sauti yake moja, na anaipuliza pale tu zamu yake inapofika. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa tisa, halafu inarudi kwa wa kwanza mbio mbio, mpaka aliye mbali anadhani ni mnyama mmoja mkubwa anaimba. Anguzu alikuwa wa tisa. Wa nane alikuwa Acidri, mtoto wa baba yake mkubwa, huko Manibe. Kwa miaka kumi na nane kazi ya Anguzu katika muziki ilikuwa hii: msikie Acidri, puliza. Msikie Acidri, puliza. Siku hizi mwenyewe anasema hata mbuzi angeweza kufundishwa, tatizo ni midomo yake tu.

Zamani hakuwa anasema hivyo. Zamani alisema yeye ndiye anayefunga wimbo, na wimbo usiofungwa ni nyumba isiyo na mlango. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na Anguzu aliivuta mpaka ikabaki kidogo ipasuke.

Wa kulaumiwa kwanza ni baba mkwe wake. Mke wa Anguzu, Stella Kiden, ni Mkakwa wa Koboko, na baba yake, mzee Lokule, ni askari mstaafu. Siku Anguzu alipokwenda kuposa, Lokule alimuuliza kazi yake. Anguzu akasema anashona viti. Mzee akawageukia ndugu zake: "Mmesikia? Huyu mutu anashona pahali pa watu kukalia. Binti yangu atakula makalio."

Wote wakacheka, na Anguzu, jasho likimtoka, akasikia mdomo wake unasema: "Baba, hiyo ni kazi ya mkono. Kazi yangu kubwa ni agwara. Mimi iko mkuu wa agwara ya Manibe."

Lokule akainamisha kichwa kwa heshima. Mahari ikazungumzwa. Na tangu siku hiyo, kila Anguzu akikanyaga Koboko, anaitwa Mkuu. Uongo ni kama mtoto, ukishauzaa huna budi kuulisha.

Jambo la pili ni nyama. Miaka miwili iliyopita kikosi cha Manibe kilialikwa kumaliza matanga upande wa Kuluva. Walipuliza tangu asubuhi. Ilipofika saa saba, moshi wa nyama ukavuma kuelekea kwao, na Anguzu akaona si vibaya aende kidogo nyuma ya jiko, aangalie tu. Akaweka baragumu yake chini. Alijua wimbo utakwama, watu watauliza "Anguzu yuko wapi?", naye atarudi akipangusa mdomo, na wote watashukuru.

Wimbo haukukwama. Acidri aliona pengo linakuja, akaiokota ile baragumu na kumtupia aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni bibi Driwaru, ambaye alikuwa anacheza huku anavuta sigara namna wanavyovuta bibi zetu, moto ukiwa ndani ya mdomo. Driwaru akachomoa sigara, akapuliza. Akapuliza tena. Alipuliza muda wote Anguzu alipokuwa ameshika ubavu wa mbuzi kwa mikono miwili. Anguzu alirudi akasimama mbele yao, midomo inang'aa mafuta, na katika watu wote wale wa matanga ukiacha Acidri na Driwaru, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba alikuwa ameondoka.

Hilo ndilo lililomuuma. Wangemtukana, angesamehe.

Alinyakua baragumu yake, akaja nayo mjini, akaitundika juu ya cherehani. "Tuone sasa watafunga wimbo na nini," alimwambia Stella. Watu wa Manibe wakachonga nyingine, wakampa Driwaru. Wimbo ukaendelea kufungwa. Anguzu na Acidri wakawa hawasemezani, na Acidri kiti cha bodaboda yake kilipopasuka akakifunga kwa mpira wa baiskeli, aone nani atachoka kwanza.

Basi hali ilikuwa hivyo siku ilipokuja bendi ya Wana Sangabuye, kutoka Mwanza, Tanzania. Walikuwa wanapita Arua na Koboko kwenda kupiga Juba, watu saba na basi dogo. Asubuhi yao ya kwanza walitembea mtaani wakishangaa kila kitu: chapati inayoviringishwa na mayai ndani, bodaboda iliyobeba kitanda na mwenye kitanda amelala juu yake, wanawake wa Kongo na vitenge vyao. Mkuu wa bendi, mpiga gitaa aitwaye Kulwa, alikuwa na mfuko wa ngoma uliopasuka mshono. Wakaelekezwa kwa Anguzu.

Pamoja na Kulwa alikuwapo Bundala, mpiga tarumbeta, mtu mwembamba asiyesema sana, ambaye kila akisikia mlio wowote vidole vyake vilikuwa vinahesabu pajani. Huyo ndiye aliyeinua macho.

"Samahani kaka, ule mti ni nini?"

Mguu wa Anguzu ukaacha cherehani. "Ile? Ile iko agwara. Baragumu ya babu zetu. Na mwenye kuipuliza ndiye huyu mnamwangalia."

"Hebu tusikie," akasema Kulwa.

Anguzu akaishusha, akaifuta vumbi, akajaza mashavu. Buuu! Mwuza nyanya wa jirani akaangusha sado yake ya kupimia. Wale wageni wakapiga makofi, wakangoja. Anguzu naye akangoja. Kichwani mwake wimbo ulikuwa unakwenda vizuri kabisa, zote tisa, wa kwanza mpaka wa nane. Zamu yake ikafika. Buuu!

"Ni wimbo au ni sauti ya kupima?" Bundala akauliza kwa adabu.

"Ni wimbo. Wimbo mrefu."

"Uendelee basi."

Buuu!

Hapo ndipo Anguzu alipojua jambo ambalo hakuwahi kulijua kwa miaka kumi na nane: wimbo anaousikia yeye, wengine hawausikii. Mtu mwenye akili angeeleza. Anguzu akasema, "Leo kuna vumbi. Agwara haipendi vumbi."

Kulwa alikuwa ameshavutiwa. "Mzee, Jumamosi alasiri tunapiga uwanjani Koboko. Njoo ufungue wewe. Ngoma ya asili kwanza, sisi tunaingia nyuma yako."

Koboko! Anguzu akamwona Lokule amekaa mstari wa mbele na kofia yake ya jeshi. Akamwona mzee anawaambia watu, yule pale ni mkwe wangu. Na mdomo ule ule uliosema siku ya posa ukasema tena:

"Hakuna shida. Mimi nakuja."

Kufika nyumbani akakuta Stella ameshapata habari kutoka kwa mwuza nyanya, na ameshapiga simu Koboko. "Baba anakuja na ukoo mzima," akasema. "Wanachinja mbuzi wa kulisha bendi baada ya muziki." Akamwangalia mumewe. "Mbona umekaa chini?"

Ijumaa bendi ilimwita wafanye mazoezi katika ua wa nyumba ya wageni. Kulwa akapiga gitaa taratibu, ngoma ikaingia, akamwashiria Anguzu. Anguzu akajaza mashavu, akasimama tayari, akingoja sauti ya Acidri. Haikuja. Gitaa likazunguka. Akaendelea kungoja, macho yamemtoka, mashavu kama ya chura. Wimbo ukaisha. Hakuwa amepuliza hata mara moja.

Kulwa akaweka gitaa chini, akawaambia wenzake kwa sauti ndogo, "Mnaona subira hiyo? Ninyi mngeshaharibu zamani." Bundala alikuwa anatazama pajani pake. Vidole vyake vilikuwa vimehesabu, na vilijua.

Walipobaki wawili akamuuliza Anguzu, "Kaka, nani anapuliza kabla yako?"

Anguzu akatazama viatu vyake. "Ndugu yangu."

"Yuko hai?"

"Iko hai sana."

"Basi mtafute," akasema Bundala, akaenda kununua chapati.

Jioni hiyo hiyo Anguzu alipanda bodaboda kwenda Manibe. Baragumu aliilaza mapajani, ikatokeza huku na huku, na kutoka mjini mpaka njia ya Manibe alitukanwa na waendesha baiskeli kumi na wanne kwa hesabu yake mwenyewe. Akashukia kabla ya nyumba ya Acidri, mwanzo wa shamba la muhogo. Kikosi cha Manibe kina desturi yake. Aliyetoka mstarini kwa hasira harudi kwa maneno. Anasimama mpakani na kupuliza sauti yake. Kama anapokelewa, anayemtangulia atamjibu kwa sauti ya kwake. Kama hajibiwi, ageuze arudi alikotoka, na asilaumu mtu.

Anguzu akapuliza. Buuu.

Majani ya muhogo yakatikisika. Kuku wakakimbia.

Akapuliza tena. Kwa upande wa pili wa muhogo akasikia sauti ya bibi Driwaru: "Nani huyo anamaliza wimbo ambao haujaanza?"

"Ni mimi, bibi. Anguzu."

"Anguzu yupi? Wa viti au wa nyama?"

Watu wakacheka huko ndani. Anguzu akasikia na cheko la Acidri, lile la puani, akajua yupo na hataki kujibu. Akaweka baragumu begani. Angeweza kugeuka. Lakini mbele yake aliona mstari wa mbele kule Koboko, na Lokule akiwauliza watu yuko wapi Mkuu, na Stella akiangalia chini. Akaamua kuvunja desturi, akasema kwa nguvu juu ya majani ya muhogo:

"Acidri! Ni kweli nilienda kwa nyama!"

Kule ndani kicheko kikakatika. "Wewe ulisema uliitwa na mwenye msiba," ikajibu sauti ya Acidri.

"Sikuitwa na mutu. Niliitwa na moshi."

"Ukala ngapi?"

"Ubavu mmoja."

"Anguzu!"

"Miwili. Na kipande cha ini."

Hapo Acidri akacheka kwa mdomo mzima, na cheko lilipokwisha, ikatoka nyumbani kwake ile sauti ambayo Anguzu alikuwa hajaisikia miaka miwili, ya juu kidogo kuliko yake, na fupi. Kabla hajafikiri, mashavu yake yalikuwa yameshajibu. Buuu. 

Alipowaeleza shida yake, wazee wa kikosi walitaka kujua kama mbuzi wa Koboko ni mkubwa. Walipojibiwa, wakakubali. Driwaru akasema anakwenda pia, kuimba na kuangalia baragumu za watu zisiachwe chini.

Jumamosi walikwenda na basi la bendi, watu kumi wa Manibe wamebanana na wanamuziki saba. Uwanja wa Koboko ulikuwa umejaa tangu saa tisa. Lokule alikuwa mbele kabisa, kofia imenyooka, na nyuma yake ukoo. Mama mkwe alikaa upande wa wanawake, na Anguzu akapita amegeuza uso, kama inavyompasa mwanamume mbele ya mama wa mke wake. Pembeni ya uwanja mbuzi alikuwa ameshakaa juu ya moto.

Kulwa akashika kipaza sauti. "Wana Koboko! Tumpokee mkuu wa agwara, Mzee Anguzu!"

Watu wakashangilia. Wakapanda tisa, wakajipanga, na Anguzu akaenda mahali pake, mwisho wa mstari, karibu aanguke nje ya jukwaa. Driwaru, ambaye alikuwa amesimama chini, akacheka mpaka sigara ikamtoka.

Lokule akainuka. Sauti yake ya gwaride haikuhitaji umeme. "Mkwe! Kama wewe iko mkuu, kwa nini unasimama mkia?"

Uwanja ukacheka. Anguzu alikuwa na majibu mengi. Njiani alikuwa ameyapanga: kwamba mkuu hukaa nyuma ili aone watu wake, kwamba hata jeshini ni hivyo. Akageuza kichwa, akamwona Acidri anamtazama kwa jicho moja, anangoja kusikia atasema nini.

"Baba," akasema, "mimi si mkuu. Siku ile ya posa niliogopa. Agwara haina mkuu. Mimi iko na sauti moja tu, na hiyo moja pia siwezi kuipuliza mpaka huyu ndugu yangu apulize yake. Yeye akinyamaza, mimi ni mutu ameshika kuni."

Kicheko kilichotoka hapo Anguzu anasema kilifika Sudan Kusini bila pasipoti. Lokule peke yake hakucheka. Alikaa chini polepole. "Pulizeni tuone," akasema.

Wakapuliza. Wa kwanza akaita, wa pili akapokea, na lile jinyama kubwa likaamka uwanjani. Msikie Acidri, puliza. Msikie Acidri, puliza. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele, vumbi likapanda, na Driwaru alikuwa anatikisa mabega kama msichana. Anguzu akaona kumbe mambo si mabaya.

Halafu upepo ukageuka. Ukapita kwanza juu ya mbuzi, ndipo ukapanda jukwaani. Anguzu alisikia harufu, akakaza macho mbele, maana somo hilo alikuwa ameshalipia. Wa sita akapuliza. Wa saba akapuliza.

Wa nane hakupuliza.

Acidri alikuwa amegeuza shingo yote kuelekea motoni. Mmoja wa shemeji zake Anguzu alikuwa amemnyanyua mbuzi mzima kwa mti, mafuta yanadondoka, na Acidri alikuwa anayafuata kwa macho, tone kwa tone.

Anguzu akabaki na mashavu yamejaa. Dakika chache tu zilikuwa zimepita tangu awaambie watu wa Koboko kwamba bila Acidri yeye ni mtu ameshika kuni, na sasa watu wa Koboko walikuwa wanaangalia kuni. Wa kwanza naye akangoja, mdomo kwenye baragumu. Mwanamke mmoja alikwama katikati ya kigelegele, ulimi nje. Anguzu aliona Lokule anaegemea mbele, mikono juu ya fimbo.

Nyuma yao, kutoka kwenye vyombo vya bendi, ikatoka sauti fupi, ya juu kidogo. Bundala alikuwa amehesabu tangu mwanzo. Mlio wa shaba hauko sawa na mlio wa mti, lakini mahali palikuwa penyewe, na mashavu ya Anguzu hayakuuliza maswali. Buuu! Wa kwanza akadaka, wimbo ukafyatuka tena, Acidri akashtuka na kuingia kwenye nafasi yake kama mtu anayepanda gari linaloondoka. Uwanja ulilipuka. Gitaa likaingia, ngoma ikaingia, na watu wakacheza mpaka jua likawa jekundu.

Katikati ya wimbo Acidri alimsogelea. "Uliona?"

"Niliona nini?"

"Basi, hukuona."

"Ilikuwa mgongo au paja?"

"Mgongo," akasema Acidri, akapuliza.

Waliposhuka, Lokule alikuwa anawangoja. Alimshika Anguzu mkono kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mkwe, muziki ni mzuri. Lakini pale mliponyamaza wote pamoja, ghafla, kama kikosi kimeambiwa simama! Pale ndipo nilipenda. Nani alifundisha?"

Anguzu akamtazama Acidri. Acidri akatazama mawingu.

"Hakuna mutu alifundisha, baba. Inakuja yenyewe."

"Na wewe jeshini ningekuweka mlinzi wa lango," akasema Lokule. "Mutu anayejua kungoja. Hawako wengi." Akaita watu kwenye chakula.

Na hapa ndipo Anguzu hucheka zaidi anapoeleza. Kwetu mkwe hali mbele ya ukoo wa mke wake. Wana Sangabuye wakala, kikosi cha Manibe kikala, Driwaru akala kwa zamu ya watu wawili, Bundala akapewa figo. Anguzu alisimama kando chini ya nguzo ya umeme amekumbatia baragumu tisa, zisiachwe chini, akisikiliza watu wanavyotafuna.

Kesho yake asubuhi, mjini, alitaka kuitundika yake juu ya cherehani. Kwanza akaijaribu. Haikutoa sauti. Akapuliza tena, shavu likamuuma, mwuza nyanya akasema labda leo kuna vumbi. Anguzu akaigeuza, akaipiga chini mara mbili, na kutoka kwenye mdomo wa baragumu ukadondoka ubavu wa mbuzi, umefungwa vizuri kwa jani la ndizi.

Akaula pale pale, amesimama. Halafu akafungua simu, akampigia Acidri, amwambie alete kile kiti cha mpira wa baiskeli.